Steringi Inayovuja: Vumbi Kwanza, Sili Baadaye

Gari linalovuja oili ya pawa steringi huku Shinyanga, Kahama na Geita mara nyingi linaweza kutengenezwa nyumbani, tena kwa spana za kawaida, jeki, stendi imara na oili sahihi. Tatizo ni kwamba matengenezo mengi ya aina hii hayadumu. Sili inabadilishwa, gari linatembea miezi michache, kisha tone jekundu linarudi palepale na mwenye gari anailaumu spea kuwa ni feki. Zipo spea feki, hilo halina ubishi. Lakini katika ukanda huu sili mara nyingi ni mhanga, si mkosaji. Kinachoiua ni mchanga mgumu unaopenya kwenye mfumo na oili chafu inayozunguka ndani yake, na anayebadilisha sili bila kuviondoa hivyo viwili ameikabidhi sili mpya kwa muuaji yuleyule.

Ushahidi wa kwanza uko chini ya miguu yetu. Sehemu kubwa ya Shinyanga imekaa juu ya miamba ya itale, na itale ikimomonyoka huacha mchanga wenye kwazi nyingi. Wachimbaji wadogo wa Nyarugusu na Rwamagasa nao hufuata mishipa ya kwazi kutafuta dhahabu, kisha huiponda na kuisaga kwenye makarasha mpaka iwe unga. Kwazi ina ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs chenye ngazi 10. Chuma cha kawaida hakifiki hapo. Vumbi linalotimka nyuma ya malori katika barabara za changarawe za migodini, basi, ni msasa unaoelea hewani. Mvua zikianza, kwa kawaida kuanzia Novemba, vumbi hilo linapokezana zamu na udongo mweusi wa mbuga, ule unaonata kwenye kila pembe ya gari. Ukishakauka hugeuka bonge gumu, na bonge hilo likikaa ndani ya mikunjo ya mpira unaokinga steringi huukata kila usukani unapozungushwa.

Kuelewa jinsi msasa huo unavyofika kwenye sili, inabidi kuutazama mfumo wenyewe. Pampu inayozungushwa na mkanda wa injini husukuma oili kupitia hozi ya presha hadi kwenye reki. Vali iliyopo kwenye pinioni huipeleka oili upande wa kushoto au wa kulia kufuatana na mkono wa dereva, na oili iliyomaliza kazi hurudi kwenye kikopo cha oili kwa hozi ya marejeo. Usukani ukikatwa mpaka mwisho, presha katika magari mengi madogo hufika kati ya baa 70 na 100, wakati tairi la gari hilohilo lina baa 2 na kidogo. Kinachozuia presha hiyo kutoka nje ni midomo myembamba ya mpira inayogusa chuma cha reki kilichosuguliwa kikang'aa. Chuma hicho hutoka na kuingia upande hadi upande, na kinafunikwa na mpira wenye mikunjo kila ncha. Dereva anapokata kona, mpira mmoja hujikunja na mwingine hujinyoosha, kwa hiyo mpira uliopasuka huvuta hewa ya nje pamoja na kila kilichomo kwenye hewa hiyo. Mchanga unatua kwenye chuma chenye unyevu wa oili na grisi, chuma kinarudi ndani, na mdomo wa sili unaburuzwa juu ya mchanga. Maji yakiingia yanaongeza kutu, na kutu huacha vishimo ambavyo hakuna sili itakayoviziba.

Ndiyo maana kazi ya nyumbani inaanza kwa kuosha, kabla spana yoyote haijagusa nati. Injini ikiwa imepoa, osha pampu, hozi zote, reki na sehemu ya chini ya injini kwa sabuni inayokata mafuta, na acha pakauke kabisa. Usitumie petroli, mvuke wake ni hatari na hauna faida yoyote hapa. Kisha pulizia poda nyeupe kwenye maungio, washa injini, na mtu wa pili azungushe usukani taratibu pande zote bila kuubana mwishoni zaidi ya sekunde chache. Pale poda inapogeuka nyekundu kwanza ndipo penye tundu. Oili hushuka, na gari likitembea upepo huipeleka nyuma, kwa hiyo chanzo hutafutwa mahali pa juu kabisa na pa mbele kabisa palipolowa. Tone la chini linaonyesha tu mwisho wa safari. Usipapase hozi ya presha kwa kidole wakati injini inaunguruma. Tumia kipande cha kadibodi. Na hakikisha kwanza kwamba unachokitafuta ni oili ya steringi. Toyota IST na Vitz kwa kawaida zina steringi ya umeme isiyotumia oili hata tone moja, kwa hiyo wekundu chini ya magari hayo una asili nyingine, mara nyingi giaboksi ya otomatiki.

Vyanzo vinavyofaa kumalizwa nyumbani ni vya upande wa presha ndogo na vya pampu. Hozi ya marejeo hukauka na kupasuka pale klipu inapobana. Dawa yake ni hozi mpya iliyotengenezwa kwa ajili ya oili, kwani hozi ya maji italainika na kuvimba. Oringi kati ya kikopo na pampu ni kazi ndogo. Sili ya shafti ya pampu inahitaji uangalifu zaidi, na hapa ndipo watu wengi wanapoteza kazi yao. Baada ya kutoa puli na sili ya zamani, pitisha ukucha juu ya shafti pale mdomo wa sili ulipokuwa ukigusa. Ukucha ukiteleza, sili mpya ya vipimo vilevile inatosha. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, sili mpya itakalia mfereji huo na itavuja. Mfereji mwepesi hulainishwa kwa msasa laini sana wenye oili, ukisugua kuizunguka shafti na kamwe si kwa urefu, maana mikwaruzo ya urefu ni njia za oili kutokea. Nafasi ikiruhusu, sili huingizwa pungufu kidogo ya kina cha awali ili mdomo wake ukanyage chuma kizima. Mdomo wenye springi huelekea upande wa oili. Mfereji ukiwa wa kina, badilisha pampu.

Hatua inayorukwa kuliko zote ni kusafisha oili. Pampu iliyowahi kuzunguka bila oili ya kutosha huwa imejisaga, na chembe za chuma zake zimeshasambaa hadi kwenye vali ya reki. Chomoa hozi ya marejeo kwenye kikopo, ielekeze kwenye chupa, ziba tundu la kikopo, na ongeza oili mpya kadiri ile chafu inavyotoka, mpaka itoke yenye rangi safi. Magari mengi ya Toyota yenye haidroliki hutumia ATF ya daraja la Dexron II au III. Honda ina oili yake, na kuchanganya ni kualika mvujo mwingine. Kikopo chenye wavu wa kuchuja kioshwe au kibadilishwe. Kutoa hewa ni mwisho wa kazi: magurudumu ya mbele yakiwa yameinuliwa na gari limekaa juu ya stendi, wala si matofali, zungusha usukani mwisho hadi mwisho mara nyingi injini ikiwa imezimwa huku ukiongeza oili, ndipo uwashe. Povu likibaki kwenye kikopo, hewa bado imo. Oili chafu isimwagwe uani wala mtaroni. Katika eneo kavu kama Shinyanga kila kisima kina thamani.

Kuna wanaosema shida yote ni umri: magari haya ni mitumba kutoka Japan, mpira umezeeka, basi. Ni kweli mpira huzeeka, na joto la injini huufanya mgumu. Lakini umri peke yake hauchimbi mfereji kwenye chuma wala hauachi tope ndani ya mpira wa reki. Sili iliyokufa kwa uzee huacha chuma laini nyuma yake, na sili mpya hukaa hapo miaka. Kila mtu anaweza kujipimia kwa ukucha wake. Land Cruiser za mfululizo wa 70 zinazohudumia migodi zina boksi la steringi badala ya reki na hazina mipira hiyo ya mikunjo. Hata hivyo sili ya shafti inayotoka chini ya boksi hukaa wazi kwa vumbi na tope lilelile, na jambo la kuangalia kwanza linabaki kuwa hali ya shafti.

Wengine wanatetea njia ya mkato: kuongeza oili kila wiki, au kumimina dawa ya kuziba. Kuongeza oili kunaonekana rahisi hadi siku kikopo kinapokauka njiani na pampu kuanza kulia. Kuanzia hapo mvujo wa sili moja umegeuka gharama ya pampu na reki. Oili inayotonea ekzosi yenye moto inaweza kuwaka. Dawa za kuziba hufanya kazi kwa kulainisha na kuvimbisha mpira, hivyo humpa dereva nafuu ya muda kwenye sili iliyokakamaa tu, na hazina la kufanya kwenye chuma kilichochimbika. Mbaya kuliko zote ni ule ushauri wa mitaani wa kutia oili ya breki. Inavimbisha sili kweli, mvujo unakoma, kisha mpira uleule unaoza, kwa sababu sili za steringi hazikutengenezwa kwa kemikali hiyo.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la mafundi wenyewe: kwamba steringi ni usalama wa roho za watu na haifai kuchezewa uani. Kwa sehemu wana haki. Hozi ya presha iliyopasuka haifungwi kwa klipu wala mpira wa ndani ya tairi. Ncha zake hubanwa kwa mashine, na katika miji ya migodi mashine hizo zipo kwa ajili ya hozi za ekskaveta. Reki inayovuja kwenye ncha zake nayo ni ya fundi mwenye vifaa. Ukikunja mpira wa mikunjo ukakuta oili ndani, sili ya ncha ya reki imeshindwa, na kazi yako iishie hapo. Anayeitoa reki bila kufunga usukani usizunguke huweza kukata waya wa mzunguko wa erebegi, na anayerudisha tai rodi bila alaimenti anakula tairi mpya. Ila haki ya fundi haifiki kwenye hozi ya marejeo, oringi, sili ya pampu, kuosha na kubadilisha oili. Hizo ni kazi za mwenye gari makini, na akizifanya vizuri humfikishia fundi gari ambalo chanzo chake cha mvujo kinajulikana.

Ukinunua reki ya mtumba, mwambie muuzaji avute mipira ya pande zote mbili mbele yako na uuone chuma; chenye vishimo vya kutu kiache dukani. Na iliyopo kwenye gari, ikague mipira yake kila unapobadilisha oili ya injini, na usingoje mvua za Novemba ndipo ubadilishe uliopasuka. Bei yake ni ndogo mno kuliko ya reki, na huingia kwa kufungua ncha ya tai rodi, kisha alaimenti.