Mipaka ya Upepo: Nafasi ya Jiografia katika Riwaya ya Kusadikika ya Shaaban Robert

Utangulizi

Uhusiano wa fasihi na jiografia umezoeleka kuchunguzwa katika kazi zenye mahali panapotambulika. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) humpeleka mhakiki Ukerewe. Kuli ya Adam Shafi (1979) humpeleka bandarini Unguja. Katika kazi za namna hiyo, jina la mahali hutosha kuanzisha uchambuzi. Kusadikika, iliyochapishwa mwaka 1951, haitoi msaada huo. Nchi inayosimuliwa iko angani, wala haimo katika ramani yoyote. Kwa sababu hiyo, mjadala juu yake umeelemea pande mbili. Wapo wanaoiona kuwa istiara ya Tanganyika chini ya ukoloni, iliyofichwa ili ipite mbele ya macho ya watawala. Na wapo wanaoiona kuwa nchi ya popote, yenye kuwahusu wanadamu wote. Pande hizi hutofautiana kuhusu maana, lakini hukubaliana kimyakimya kwamba jiografia ya riwaya hii ni pazia, na kazi ya mhakiki ni kulifunua. Makala haya yanapinga dhana hiyo. Yanadai kwamba jiografia ya Kusadikika ni mahususi, ni ya pwani ya Waswahili, na ndiyo inayobeba hoja ya kisiasa ya mtunzi.

Pepo kama mipaka

Kusadikika imepakana na nchi sita. Nne zimepewa majina ya pepo: Kaskazi, Kusi, Matlai na Umande. Mbili zilizosalia ni Mbingu iliyo juu na Ardhi iliyo chini. Majina ya pepo hayakubuniwa na mtunzi. Ni istilahi za mabaharia wa pwani. Kaskazi huvuma takribani kuanzia Desemba hadi Machi, na kwa karne nyingi ndiyo iliyoleta vyombo kutoka Uarabuni, Ghuba ya Uajemi na India. Kusi huvuma kuanzia takribani Aprili hadi Septemba, na ndiyo iliyovirudisha. Matlai, neno lenye asili ya Kiarabu linalohusu kuchomoza kwa jua, ni upepo wa mashariki. Umande, pamoja na maana yake ya unyevu wa alfajiri, ni upepo mwanana utokao bara asubuhi.

Kwa kuchagua majina haya, mtunzi anarudisha juu jambo lililozama katika lugha yenyewe. Neno kaskazini ni kaskazi lililoongezwa kiambishi cha mahali -ni; kusini nalo limeundwa vivyo hivyo kutokana na kusi. Msemaji wa Kiswahili anapotaja kaskazini anataja, bila kukumbuka, upande uvumako kaskazi. Ramani ya Kusadikika basi haijaiacha dunia. Imerudi kwenye ramani ya kale zaidi ya wasemaji wa lugha hii, ambayo ndani yake upande, upepo na msimu ni kitu kimoja. Mikhail Bakhtin aliuita muungano wa wakati na mahali katika riwaya kronotopo. Katika Kusadikika muungano huo hauhitaji kutafutwa ndani ya matukio, kwa kuwa umo katika jina la kila mpaka.

Uteuzi huu unadhihirika zaidi ukilinganishwa na Kufikirika, riwaya nyingine ya mtunzi huyohuyo, iliyochapishwa mwaka 1967 baada ya kifo chake. Huko mipaka ni nchi ya Anasa, nchi ya Majaribu, Bahari ya Kufaulu na milima ya Jitihadi. Hiyo ni ramani ya maadili, nayo yaweza kufasiriwa kwa lugha yoyote bila hasara kubwa. Ramani ya Kusadikika haifasiriki hivyo, kwa sababu maana yake imetokana na mazoea ya bahari moja.

Mstari na upepo

Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 katika eneo la Tanga, akafanya kazi katika idara ya ushuru wa forodha kuanzia mwaka 1926 hadi 1944. Si lazima riwaya isomwe kama wasifu wa mtunzi. Hata hivyo, mazingira hayo yanaeleza upinzani uliomo ndani yake. Mpaka wa kikoloni ulio karibu na Tanga ulitokana na mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886: mstari kutoka mlango wa mto Umba hadi ziwa Victoria, uliopindishwa kuuzunguka mlima Kilimanjaro. Mstari wa namna hiyo hutenganisha, na hauna msimu. Mpaka wa upepo una tabia nyingine. Hauwezi kuwekewa kigingi, na kazi yake ni kuleta na kupeleka. Nchi iliyopakana na pepo imeumbwa ili ipitiwe.

Hapa ndipo jiografia inapogeuka kuwa hoja. Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kutaka kuanzisha elimu ya sheria. Katika utetezi wake anasimulia safari za wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, waliotumwa nje ya Kusadikika na kurudi na maarifa, kisha wakaambulia adhabu badala ya shukrani. Idadi ya wajumbe ni idadi ya mipaka. Kila adhabu imeziba upande mmoja, hata nchi iliyozungukwa na pepo ikawa gereza. Dhuluma ya watawala, kwa hiyo, haiishii katika kuwaonea watu sita; inapingana na umbile la nchi yenyewe. Naye Karama, kwa kuzisimulia safari hizo moja baada ya nyingine mbele ya baraza, anafungua tena pande zote sita kwa maneno.

Inaweza kupingwa kwamba masimulizi ya safari hushughulikia zaidi desturi na uongozi wa nchi zinazotembelewa kuliko hali yake ya hewa, na hivyo pepo hubaki kuwa majina. Pingamizi hilo lina ukweli kuhusu maelezo ya mandhari, lakini haligusi muundo. Ramani ikiondolewa, utetezi wa Karama hauna mpangilio wala kikomo.

Ardhi kama nchi ya kigeni

Jambo la mwisho ni nafasi ya Ardhi. Katika ramani hii dunia ya msomaji ni nchi jirani, inayofikiwa na mjumbe kama ugeni. Msomaji wa mwaka 1951, na wa leo, amekwisha kuwekwa mahali pake: yuko chini, ng'ambo ya mpaka, na mambo ya kwake ni sehemu ya habari iliyoadhibiwa. Usomaji wa nchi ya popote unamwondolea nafasi hiyo, na usomaji wa istiara unamhamishia ndani ya Kusadikika kabla hajaulizwa kama alipokea mgeni.

Hitimisho

Uhakiki wa kijiografia hauna budi kuvuka kuhesabu majina ya mahali. Swali lenye tija ni aina ya ramani ambayo kazi ya fasihi inaitumia, na lugha gani iliichora kwanza. Kwa swali hilo Kusadikika, iliyodhaniwa kuelea pasipo mahali, inaonekana kuwa miongoni mwa riwaya za Kiswahili zilizofungamana sana na pwani yake.