RustDesk: Niko Sirari, Naendesha Kompyuta ya Mugumu

Imewezekana, jamani! Laptopu yangu ya Ubuntu iko mezani hapa Sirari, karibu kabisa na mpaka wa Isebania, na ndani ya kioo chake imo Windows nzima ya steshenari ya shangazi yangu, kule Mugumu wilayani Serengeti. Na ni Windows hai, wala si picha iliyoganda. Nabofya huku, menyu inafunguka kule. Naandika jina la mteja kwa kibodi yangu, linatokea kwenye ankara yake. Simu ikaita hapo hapo.

"Wee mura, mbona mshale unatembea wenyewe?"

"Shikamoo shangazi. Ni mimi. Achia tu kipanya."

"Marahaba. Haya, basi nitengenezee na ile printa."

Nikaitengeneza! Nilitoa dereva ya zamani, nikaweka mpya, nikatuma ukurasa wa majaribio, nikasikia kwenye simu printa ikivuta karatasi. Anayeijua barabara ya Tarime kwenda Mugumu, kupitia Nyamwaga na Nyamongo hadi kuvuka Mto Mara, ataelewa kwa nini nashindwa kutulia. Ni zaidi ya kilomita 80 kutoka Tarime mjini, na mimi bado niko Sirari. Fundi huifunga safari hiyo kwa ajili ya kitu cha dakika tano, na duka linakaa bila kuchapa mpaka afike.

Programu yenyewe inaitwa RustDesk. Ni huria, chini ya leseni ya AGPL, na imeandikwa kwa lugha ya Rust. Inaendeshwa kwenye Windows, Linux, macOS na Android. iPhone nayo inaweza kutumika kuongoza mashine nyingine, ingawa yenyewe haiongozwi. Ukiifungua inakupa namba ya utambulisho na nenosiri la muda. Shangazi alinisomea vyote viwili kwa simu, nikaviingiza, basi. Kwenye Windows haihitaji hata kusakinishwa ili kuanza. Ila ukitaka kugusa mambo yanayodai idhini ya msimamizi, kama dereva ya printa, isakinishe kabisa, utajiokolea usumbufu.

Ninaisifu hivi kwa sababu njia za zamani nazijua. RDP ya Microsoft, iliyokuja na Windows NT 4.0 Terminal Server mwaka 1998, ni nyepesi na nzuri mno, na kutoka Linux unaingia kwa programu ya Remmina bila shida. Lakini Windows toleo la Home haipokei wageni wa RDP, na kompyuta nyingi za madukani kwetu zina Home. VNC nayo ilizaliwa Cambridge, Uingereza, katika maabara ya utafiti ya Olivetti, na wazo lake bado linanisisimua: usijali mfumo ulio upande wa pili, tuma vipande vya picha ya kioo, upokee mibofyo ya kibodi na kipanya. Ndiyo maana haibagui mfumo wowote. Shida yake ni kwamba lazima uifikie mashine kwa anwani yake, na kompyuta inayopata intaneti kwa bando la simu kwa kawaida haina anwani ya wazi inayofikika kutoka nje.

Hapo ndipo RustDesk inaponifurahisha kuliko zote. Kompyuta zote mbili zinaanza kwa kutoka nje zenyewe na kuripoti kwenye seva. Seva inazijulisha, kisha zinajaribu kuunganishwa moja kwa moja. Zikishindwa, seva nyingine inabeba mawasiliano katikati, yakiwa yamefungwa kwa usimbaji njia nzima. Na seva hizo mbili, hbbs na hbbr, unaweza kuzimiliki wewe! Zinatolewa bure na zinaridhika na mashine ndogo ya Linux yenye anwani ya kudumu na milango ya 21115 hadi 21117 ikiwa wazi. Hebu fikiria chuo, hospitali au halmashauri ya hapa Mara ikiwa na seva yake, na mafundi wake wakihudumia kompyuta za kata zote bila kutegemea kampuni ya mbali.

Serengeti si mgeni wa mambo haya. Mradi wa ICT4RD, uliounganisha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na chuo cha KTH cha Stockholm, ulijenga mtandao wa kasi wa majaribio katika wilaya za Bunda na Serengeti, na Amos Nungu, ambaye baadaye aliiongoza COSTECH, aliuandikia tasnifu yake ya mwaka 2011. Ninapoona mshale wangu ukitii kule Mugumu, najua kuna watu waliolipigania jambo hili hapa hapa tulipo, kabla simu janja hazijajaa mifukoni.

Kasi? Nilianza na ubora wa juu wa picha, na mshale ulikuwa ukichelewa. Nikachagua mwitikio wa haraka, nikaamuru picha ya nyuma ya kioo iondolewe wakati wa kikao, na mambo yakawa laini kabisa! Maandishi yanapoteza ukali kidogo, lakini ankara inasomeka. Kunakili maandishi Linux na kubandika Windows kunakubali. Kuhamisha mafaili kuna dirisha lake, na hapo ndipo nilipochukua nakala ya hesabu za duka nikaiweka kwenye diski yangu. Ctrl+Alt+Del haitumwi kwa kibodi, ipo kwenye menyu.

Ukigeuza mwelekeo, yaani Windows kuongoza Linux, angalia kama Linux yako inatumia Wayland: inaomba ruhusa ya mtu aliyekaa pale kabla ya kuonyesha kioo. Kwa mashine isiyo na mtu, ingia kwa kikao cha Xorg. Na ukiwa Sirari, hakikisha simu inayokupa intaneti haijarukia mnara wa upande wa Kenya, maana bando lako haliko huko.

Jambo moja nalisema kwa msisitizo wote nilio nao. Namba na nenosiri hapewi mtu asiyejulikana. Matapeli wa "tuma kwenye namba hii" wakipata mlango wa namna hii, wanaingia hadi kwenye hesabu zako. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila idhini, hata kama wewe ni fundi wake wa miaka yote. Shangazi nimemwonyesha pa kukata kikao, na nenosiri linabadilika kila tunapomaliza.

Sasa nimeiweka kwenye simu ya Android pia. Kioo ni kidogo, kidole kinageuka kipanya, lakini foleni ya printa imefutika! Kinachofuata ni kuandaa seva yangu mwenyewe, na nimeshaanza kutafuta mashine.