Kindu "Hakuna Kitu": Juu ya Orodha za Kutembea na Wanaoziandika

Siku hizi kila mwenye mega kidogo kwenye telefone anasoma orodha za kutembea. Mambo kumi ya kufanya Da Nang. Pahali saba pa kuona Nha Trang. Sisi wa Kindu, ambao kufika tu Kasongo ni kilometa zaidi ya 200 za ile barabara munayoijua, tunajua vizuri kwamba kule Vietnam, kwenye mji wa Da Nang pembeni ya bahari, kuna Daraja la Joka linalotema moto usiku wa mwisho wa juma. Sicheki mtu. Nimezisoma nyingi, na leo nataka kuzisemea kama vile watu wanavyosemea kitabu: nini kiko kizuri ndani, nini ni cha uongo, na zinatufanyia nini sisi wasomaji wa mbali.

Kwanza tuzipe haki yao. Orodha nzuri ya Da Nang iko na adabu moja ambayo maandishi yetu mengi hayana: inakuambia saa, bei na njia. Ufuko wa My Khe uko upande gani. Kwenye Milima ya Marumaru uvae viatu gani, juu ngazi zinateleza. Jumba la makumbusho la sanamu za Wacham, lililofunguliwa mwaka 1919, liko karibu na mto, unaweza kufika kwa miguu. Hata chakula kinaelezwa: mi Quang ni tambi pana za mchele, mchuzi wake ni kidogo tu, na wanaila hata asubuhi. Mtu asiyejua neno moja la Kivietnamu anaweza kushuka pale na asipotee. Si kitu kidogo hicho. Nimesoma memwari za kurasa 80 za wenzangu wa agronomi ambazo ukimaliza bado hujui shamba la majaribio lilikuwa ng'ambo gani ya mto.

Lakini angalia vizuri orodha inachagua nini. Karibu zote zinaweka juu kabisa lile Daraja la Dhahabu la milima ya Ba Na, lile linaloshikwa na mikono miwili mikubwa ya mawe ya zamani yenye kuota kuvu. Sasa: daraja lile lilifunguliwa mwaka 2018, na mikono ile si mawe. Ni waya na fibaglasi, ikapakwa rangi ionekane imezeeka. Lilijengwa ili lipigwe picha, na watu wanapanda mlima kwa kamba za umeme kwenda kulipiga picha. Sisemi ni vibaya, kila mtu na biashara yake. Nasema tu kwamba orodha inapenda zaidi kitu kilichojengwa kikimngojea mgeni, na pahali ambapo hakuna kitu cha namna hiyo, orodha inakuwa bubu.

Na hata Da Nang yenyewe inapunguzwa hivyo hivyo. Katika orodha nyingi, Daraja la Joka la mwaka 2013 linapata picha tano. Daraja la Mto Han, la mwaka 2000, linapata mstari mmoja kwamba usiku linazunguka kupisha meli. Kwangu mimi hilo la pili ndilo la kusimulia. Wakaaji wa mji walichanga pesa ili lijengwe. Kabla yake, ng'ambo ya mashariki, upande wa Son Tra, ilikuwa ng'ambo ya wavuvi na wamasikini, nyumba za mbao juu ya maji, na watu wengi walikuwa wanavuka kwa kivuko. Leo hoteli za My Khe ziko upande ule ule. Mtu wa Kindu akisoma hivyo, moyo unashituka, sababu sisi tuko na Kasuku na Mikelenge ng'ambo hii, Alunguli ng'ambo ile, na katikati mto bila daraja. Orodha ilikuwa na habari moja ya kutufaa kweli, ikaipita mbio kwenda kwa joka.

Inapita pia wafu. Tarehe 8 mwezi wa tatu 1965 askari wa Marekani walishuka kwenye mchanga wa Da Nang, na vita ikawa vita ile tunayoijua. Wafaransa walikuwa wamepiga mji ule mizinga tangu 1858, wakauita Tourane. Orodha inasema mchanga ni mweupe na laini.

Sasa tuje nyumbani. Kuna andiko lilizunguka kati yetu miezi iliyopita, la kijana wa hapa hapa, lenye kuiga namna ile: mambo kumi ya kufanya Kindu. Simtaji jina, iko na nia nzuri, na afadhali yeye aliyeandika kuliko wale wanaojibu kila siku "Kindu hakuna kitu" halafu wanangojea ndege ya Kinshasa. Lakini andiko lenyewe ni baya, na ubaya wake unafundisha. Limejaa lulu zilizofichwa, tabasamu za wakaaji, jua linalozama juu ya maji. Linasema kuna bichi nzuri za kupumzikia. Bichi! Kwetu Kongo kila mtu anajua bichi ni nini: ni pahali pa kuvukia, penye mitumbwi, magunia, polisi, mama anayeuza ndizi, na mtu anayekudai pesa ya kitu usichokijua. Nenda Beach Ngobila kule Kinshasa ujaribu kutandika kitambaa ulale juani. Mwandishi alikuwa na neno la kwetu lenye maisha yote ya mto ndani, akalibadilisha likawa neno la Da Nang. Mgeni akifika na lile andiko mkononi atasema tumemdanganya. Mkaaji akilisoma atasema mji wake kweli ni maskini, kwa sababu vile vitu kumi havimo.

Na huko ndiko naona hatari, zaidi ya lugha mbaya. Nimeona wenzangu wa promosio wakikataa kazi ya shamba ng'ambo ya Alunguli, si kwa sababu ya mshahara, bali kwa sababu "kule utafanya nini?" Swali hilo hawakulizaliwa nalo. Wamejifunza kupima mji kwa vitu vya kuona.

Kuna maandishi ya namna nyingine juu yetu, yale ya wasafiri wakubwa. Stanley alipita kwenye mto huu akitoka Nyangwe mwezi wa kumi na moja 1876, akaandika kitabu ambacho jina lake peke yake lina giza. Mwaka 2004 Mwingereza Tim Butcher alifuata njia yake, Kalemie mpaka Kasongo, mpaka Kindu, na kitabu chake, Blood River, kilitoka 2007. Butcher anaandika vizuri kuliko orodha zote. Anasema anaogopa wakati anaogopa, na anaacha Wakongomani waongee. Lakini mizani yake ni Kongo ambayo mama yake aliitembelea mwaka 1958, wakati wa Wabelgiji, kwa hiyo kila anachokiona ni mabaki: mabaki ya reli, mabaki ya nyumba, mabaki ya barabara. Reli yetu kweli ni ya zamani, kipande cha Kindu–Kongolo kilifunguliwa 1911, na mji uliitwa Port-Empain kwa jina la yule tajiri wa Kibelgiji mwenye kampuni. Lakini ukisoma kitabu kile unafikiri sisi ni walinzi wa vitu vilivyovunjika vya watu wengine. Orodha inatafuta kilichojengwa kwa ajili ya mgeni, msafiri anatafuta kilichoharibika baada ya mgeni kuondoka. Mama aliyevuka saa kumi na mbili asubuhi na beseni ya sombe hayuko katika hesabu ya mmoja wala ya mwingine.

Ajabu ni kwamba aliyemtazama mama huyo vizuri zaidi alikuja mapema kuliko wote. Livingstone alikaa Nyangwe mwaka 1871 akingojea mitumbwi ambayo hakuna aliyetaka kumpa. Hakuwa na la kufanya, akawa anaenda sokoni. Aliandika wanawake wanaleta nini, wanabadilishana nini na nini, wanabishana namna gani. Ni daftari la mtu wa agronomi, kwa kweli. Na kwa sababu alikuwa amewaona kama watu wenye bei na bidhaa, tarehe 15 mwezi wa saba, watu wa misafara walipowapiga risasi wanawake wale wale sokoni na mtoni, mamia wakafa, maandishi yake yalikuwa na uzito mpaka kule Uingereza. Serikali yao ilizidi kumsukuma Sultani wa Unguja, na mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja likafungwa. Nyangwe haiko katika orodha yoyote ya kutembea ninayoijua.

Mtu ataniuliza: basi Kindu kuna nini? Nitajibu, lakini si kwa namba moja mpaka kumi.

Kuna vitu vyetu ambavyo havipo hapa, na hilo lenyewe ni la kuandika. Da Nang sanamu za Wacham ziko Da Nang. Sanamu za Walega wa Pangi, zile ndogo za pembe na za mbao za chama cha Bwami, nyingi ziko Tervuren kule Ubelgiji na katika majumba ya Marekani. Mwanafunzi wa Kindu anaziona kwenye telefone. Marubani na askari wa anga 13 wa Italia waliouawa hapa tarehe 11 mwezi wa kumi na moja 1961, wakitumikia Umoja wa Mataifa, wako na mnara wao Pisa, na kule Italia kuna barabara zinazobeba jina la Kindu. Mtalii wa Kiitalia anaweza kujua jina letu bila kujua kama tuko na mto.

Kuna pia lesula. Orodha za Da Nang zinakupeleka Son Tra kuona kima wenye miguu myekundu, na ni sawa, ni wazuri kweli. Sisi tuko na kima mwenye uso kama wa mzee anayefikiri, ambaye wataalamu walimwandika rasmi mwaka 2012 tu. Wawindaji wa Lomami walikuwa wanamjua na kumwita lesula zamani, ndiyo maana jina limebaki hilo. Hifadhi ya Lomami iliundwa 2016, kilometa za mraba 8,879 kati ya Maniema na Tshopo. Sitakudanganya kwamba utaamka Kindu uende kumwona urudi jioni. Hutaweza. Andiko la kweli lingesema hivyo kwenye mstari wa kwanza.

Lakini mimi, kwa sababu ya masomo yangu, ningeanza na wali. Mpunga wa Maniema ulikuja na Waungwana wa misafara kutoka pwani, watu wale wale walioleta bunduki na Kiswahili hiki ninachoandika, ndiyo maana Wazungu walikiita Kingwana. Mihogo, ambayo majani yake ndiyo sombe, ilitoka Amerika ikaingilia upande wa bahari ya magharibi. Kwa hiyo ile sahani ya wali na sombe yenye mafuta ya ngazi, unayokula kwa faranga chache karibu na soko, bahari mbili zimekutana ndani yake. Mpunga wetu mwingi hautaki bwawa kama wa Vietnam. Unapandwa pori likishakatwa na kuchomwa, unangojea mvua tu, na baada ya msimu mmoja ao miwili shamba linaachiwa mihogo. Ukiuanika kwenye jua kali haraka haraka, punje zinapasuka ndani, na zikipita mashini zinavunjika. Ndiyo maana kopo moja sokoni lina mchele mzima na kopo la jirani limejaa vipande, na bei si moja. Mgeni anayejua hilo anaweza kusimama sokoni nusu saa bila kuchoka, na mama mwenye mchele ataona huyu haji kupiga picha tu.

Picha nazo ni habari. Kwenye gare, bandarini, uwanja wa ndege, ukitoa telefone anaweza kutokea mtu kukuuliza karatasi ya ruhusa. Nusu ya sababu Kindu haina orodha iko hapo, wala si kwamba hakuna cha kuona. Orodha za siku hizi zinaandikwa na picha kwanza, maneno nyuma. Sisi tulio na maneno tu, tungeyafanya yafanye kazi: tuseme treni ya Lubumbashi haina siku unayoweza kuitegemea, tuseme balenyeri za kwenda Ubundu zinapakia wapi, na kwamba ukifika Ubundu maporomoko yanakuzuia, unatafuta njia ya nchi kavu mpaka Kisangani.

Atakayeandika tena juu ya Kindu, ninamwomba vitu viwili vidogo ambavyo yule kijana aliviacha. Bei ya kuvuka kwa mtu peke yake na bei ya kuvuka na gunia, kwa sababu gunia linalipa zaidi na ndilo linaloamua nani wa Alunguli anauza Kasuku. Na saa ya mtumbwi wa mwisho jioni, juu ukiukosa unalala ng'ambo.