Kutoka Ritani hadi Ushauri: Mhasibu wa Kodi katika Ukanda wa Korosho

Mhasibu wa kodi na mshauri wa biashara hufungua vitabu vilevile, lakini kila mmoja huviuliza swali lake. Mhasibu wa kodi, ambaye kazi yake ni kuandaa hesabu za mlipakodi, kukokotoa kodi anayodaiwa na kuwasilisha ritani, yaani taarifa ya mapato inayodaiwa na sheria, huuliza ni nini kilichotokea katika mwaka uliokwisha na sheria inakitambuaje. Mshauri huuliza mwenye mali afanye nini katika msimu unaokuja. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua nani atalipia kazi, atalipa lini na kwa sababu gani, na inapimika vizuri katika ukanda wa Masasi, Ndanda na Newala, ambako wateja ni wenye maduka, taasisi za dini na vyama vya msingi vya ushirika, si makampuni makubwa ya Dar es Salaam.

Soko la mhasibu wa kodi limejengwa kwa sehemu kubwa na sheria. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inazitaka kampuni na taasisi ziwasilishe ritani iliyoandaliwa au kuthibitishwa na mhasibu aliyesajiliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, chombo kilichoundwa kwa sheria ya 1972, na kabla ya 2019 mfanyabiashara binafsi ambaye mauzo yake ghafi yalizidi shilingi milioni 20 kwa mwaka naye alibanwa na sharti la hesabu za kitaalamu. Sheria ya Fedha ya 2019 ilipandisha kiwango hicho hadi milioni 100. Kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Masasi hiyo ilikuwa nafuu, kwa kuwa aliweza kulipa kodi ya makadirio, yaani kodi inayopangwa kwa kuangalia mauzo badala ya faida. Kwa mhasibu aliyekuwa akimwandalia hesabu kila mwaka, ilikuwa kumpoteza mteja asiye na lalamiko lolote juu ya kazi yake. Tukio hilo linafundisha zaidi kuliko kozi nyingi za ujasiriamali, kwa maana lilionyesha kwamba kilichokuwa kikinunuliwa ni utulivu mbele ya Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, na kwamba bidhaa ya namna hiyo huondoka sokoni siku sheria inapobadilika.

Kati ya uhasibu wa kodi na ushauri wa biashara ipo hatua ya katikati ambayo wengi huidhania kuwa ndiyo mwisho wa safari, nayo ni kusajiliwa na TRA kuwa mshauri wa kodi. Mshauri huyo humwakilisha mlipakodi, humwandikia pingamizi dhidi ya makadirio ndani ya siku 30, humkumbusha kwamba pingamizi halipokelewi bila kulipa theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au kiasi kisichobishaniwa, kwa kutazama kilicho kikubwa, isipokuwa Kamishna Mkuu akiondoa au kupunguza sharti hilo, na ikibidi humfuata hadi Bodi ya Rufani za Kodi. Ni kazi ya heshima na yenye ujira, lakini bado huanza pale serikali inapogonga mlango. Kuhama hasa huanza mhasibu anapoweza kuuza kitu ambacho hakuna sheria inayomlazimisha mteja kukinunua.

Njia hiyo si ngeni. James O. McKinsey, ambaye jina lake limebaki kwa moja ya kampuni kubwa za ushauri duniani, alikuwa mhasibu na mwalimu wa uhasibu katika Chuo Kikuu cha Chicago, na mwaka 1922 alichapisha kitabu juu ya udhibiti wa bajeti, miaka minne kabla ya kuanzisha kampuni yake. Hoja yake ilikuwa kwamba hesabu zinaweza kuandikwa kabla ya tukio zikawa chombo cha kuongozea, badala ya kuandikwa baadaye zikawa kumbukumbu tu. Hakuacha uhasibu, aliugeuza mwelekeo.

Katika nyanda za Makonde, mgeuko huo una mahali pake pa asili, nao ni chama cha msingi cha ushirika wa mazao, AMCOS. Tangu msimu wa 2007/08 korosho za Mtwara huuzwa kwa stakabadhi ghalani, utaratibu unaotokana na sheria ya 2005, ambapo mkulima hupeleka korosho zake AMCOS, chama huzisafirisha hadi ghala kuu, ghala hutoa stakabadhi ya uzito na daraja, na mzigo huuzwa kwa mnada chini ya vyama vikuu kama TANECU kwa Newala na Tandahimba, au MAMCU kwa upande wa Masasi na Mtwara. Kati ya bei ya mnada na fedha inayoingia katika akaunti ya mkulima kuna mjengeko wa bei, yaani orodha ya tozo na gharama za usafirishaji, utunzaji na uendeshaji wa vyama, sambamba na ushuru wa halmashauri ambao tangu 2017 ni asilimia 3 kwa mazao ya biashara. Mhasibu wa kodi huisoma orodha hiyo akitafuta kipi ni matumizi yanayokubalika na kipi kina kodi ya zuio, ile inayokatwa na mlipaji kabla fedha haijamfikia anayelipwa. Mshauri huisoma akitafuta mahali fedha inapovuja.

Mfano ulio bora ni unyaufu, neno ambalo kila katibu wa AMCOS analijua: upungufu wa uzito unaotokea korosho zikikauka kati ya mizani ya kijijini na mizani ya ghala. Tuseme chama kimekusanya kilo 500,000 na kimepoteza asilimia 1 tu. Hizo ni kilo 5,000, na kwa bei ya shilingi 4,000 kwa kilo ni shilingi milioni 20. Kwenye vitabu huo ni mstari mmoja, ambao mkaguzi, awe wa Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, COASCO, au wa kampuni binafsi, atauombea vielelezo na kusonga mbele. Mshauri hutenganisha upungufu huo kwa kituo, kwa siku ambazo mzigo ulisubiri lori, kwa kiwango cha unyevu siku ya kupokelewa na kwa mizani iliyotumika, kwa kuwa kilo zilizokauka hazina mwizi ila zilizopotea kwa mizani mibovu zina wa kuulizwa. Ujuzi unaotakiwa hapo ni uleule wa kulinganisha nyaraka mbili zinazopaswa kukubaliana, ambao mhasibu wa kodi anao kuliko mtu mwingine yeyote wilayani. Kinachoongezeka ni kutoka ofisini, kusimama penye mizani, na kuzungumza na mpima uzito bila kumtisha kama afisa.

Ndanda kuna mteja wa aina nyingine. Abasia ya Wabenediktini, iliyoanza kama misheni mwaka 1906, imezungukwa na hospitali, shule, karakana na shughuli za uchapaji, na taasisi za namna hiyo popote nchini hukabiliwa na swali la kutenganisha huduma ya hisani na biashara, kwa kuwa hadhi ya hisani katika kodi huombwa kwa Kamishna Mkuu, haiji yenyewe kwa sababu mwenye mali ni kanisa. Anayeingia kupitia swali hilo la kodi huwa tayari ameshika gharama za kila idara, na kutoka hapo kwenda kwenye swali la ipi inaibeba ipi ni hatua fupi.

Kizuizi kikubwa ni uhuru wa kitaalamu, yaani kutokuwa na maslahi katika jambo unalolithibitisha. Arthur Andersen, iliyokagua hesabu za kampuni ya nishati ya Enron ya Marekani, ilikuwa pia ikiilipisha Enron kwa ushauri, na baada ya anguko lao Marekani ilipitisha sheria mwaka 2002 ya kuzuia wakaguzi wa kampuni za umma kuuza huduma nyingi za ushauri kwa wateja haohao. Katika mji mdogo ambamo wahasibu waliosajiliwa ni wachache, kishawishi cha kukagua chama na kukishauri kwa pamoja ni kikubwa zaidi, na anayehama lazima achague kofia moja kwa kila mteja, tena kwa maandishi.

Kisha iko kodi yake mwenyewe, ambayo cha ajabu husahauliwa na watu wa kodi. Ingawa kiwango cha lazima cha kusajiliwa katika Kodi ya Ongezeko la Thamani, VAT, kilipandishwa hadi mauzo ya milioni 200 mwaka 2023, mtoa huduma za kitaalamu husajiliwa bila kujali ukubwa wa mauzo. Kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18, kazi ya shilingi milioni 1 hivyo humgharimu mteja 1,180,000, na mteja asiyesajiliwa hawezi kuidai ile 180,000. Kwake ni bei tu. Chama kinapolipa, hukata kodi ya zuio ya asilimia 5, na mshauri hupokea 950,000 pamoja na VAT ambayo si yake. Bei iliyopangwa bila hesabu hiyo itamwangusha ndani ya msimu mmoja.

Zaidi ya yote iko kalenda. Ritani za mwaka unaoishia Desemba hukamilishwa kufikia mwisho wa Juni, ilhali fedha ya korosho huingia kuanzia Oktoba na kupungua baada ya mwaka mpya. Mhasibu wa Masasi au Newala anayeacha kazi Januari huwa amekosa msimu na atasubiri miezi tisa kupata chama chenye uwezo wa kulipa. Anayefaa kuanza ni yule aliyefunga ritani za Juni, akatumia Julai hadi Septemba kukagua mizani na mikataba ya usafirishaji, na ambaye mkataba wake umeshapitishwa na bodi ya chama kabla ya mnada wa kwanza.