Nani Anayetuma? Uhakiki wa Lugha ya Maelekezo ya Seva

Seva ndogo aghalabu haina skrini wala kibodi. Mtandao wake ukikatika, hubaki njia moja ya kuzungumza nayo, yaani mlango wa mfululizo, upitishao kila herufi biti moja baada ya nyingine. Kompyuta huunganishwa hapo kwa nyaya tatu: wa kutuma, wa kupokea na wa ardhi. Maneno kutuma na kupokea huonekana mepesi, lakini ndiyo yanayompoteza msomaji.

Kasoro hii haikuzaliwa katika Kiswahili. Kanuni ya RS-232, iliyotolewa Marekani mwaka 1960, ilihusu mashine ya mtumiaji na modemu, nayo ilizipa nyaya majina kwa kutazama upande wa mashine ya mtumiaji. Kwa hiyo waya uitwao TXD, yaani wa data zinazotumwa, ndio ambao modemu hupokelea. Kompyuta na seva, kinyume chake, kwa kawaida kila moja hujihesabu kuwa mashine ya mtumiaji. Hivyo TXD ya moja sharti ielekee RXD ya nyingine. TXD ikikutanishwa na TXD, vinywa viwili huelekeana na masikio hayapati neno. Kompyuta ikisoma kwa kasi ya 9600 ilhali seva inaandika kwa 115200, walau herufi za ovyo huonekana. Nyaya zikikosewa, skrini hubaki kimya, na mwanafunzi huihukumu seva kuwa imekufa, kumbe ni nzima.

Mfasiri aandikaye “unganisha kutuma na kupokea” huirithi kasoro hiyo nzima. Kitenzi-jina hakina mtenda, sawasawa na nomino émission na réception za vitabu vya Kifaransa. Kiswahili, hata hivyo, kina viambishi vya kumtaja mtenda. Hapa pana mtego mwingine: kompyuta na seva ni za ngeli moja, na “inatuma” haielezi ni ipi kati ya hizo mbili.

Dawa imo katika ngeli zenyewe. Seva ikishatajwa mara ya kwanza, na iitwe kisanduku, kisha iandikwe: “Waya utokao pale kisanduku kinapotuma uingie pale kompyuta inapopokea.” Ki- na i- hugawanya kazi, na shaka huondoka. Atakayedai kwamba kisanduku si istilahi ya kitaalamu ana haki, lakini maelekezo hayapimwi kwa heshima ya nomino zake.

Aidha, lebo hiyo hiyo ya TXD hubandikwa kwenye vibao vya volti 3.3, ilhali RS-232 yaweza kufikia volti 15, chanya na hasi. Kuviunganisha moja kwa moja kwaweza kuunguza kibao. Mfasiri anayenakili lebo bila kutaja volti amenakili pia ukimya wake.

Orodha za istilahi hushughulikia nomino zaidi. Fundi aliye mbele ya seva iliyonyamaza huhitaji kwanza kitenzi chenye mwenyewe.