Anayejua Kusoma ECG

Mashine ikishatoa karatasi ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo, yenye maneno "si ya kawaida" pembeni, mhusika huwa ameshatokwa na jasho. Alikuja kupima afya tu. Haumwi, hajawahi kuzimia. Msomaji hodari haanzi na mawimbi. Anaanza na jina, umri, kasi ya karatasi (milimita 25 kwa sekunde), kisha waya.

Waya za mikono zikibadilishana, mawimbi ya mstari wa I hupinduka, ungedhani moyo uko kulia. Yeye anashuka kwenye mistari ya kifua: mawimbi yakipanda vizuri kutoka V1 kuelekea V5, moyo uko mahali pake, kosa ni la waya. Vibandiko vya V1 na V2 navyo vikiwekwa juu mno, hutokea kinundu cha pili kinachofanana na hitilafu ya tawi la kulia la njia ya umeme wa moyo. Sijui kwa nini mafunzo huharakisha somo hili la vibandiko.

Halafu anahesabu. Kiraba kidogo ni sekunde 0.04, na kutoka mwanzo wa wimbi P hadi mwanzo wa QRS, mawimbi makali yanayofuata, viraba havitakiwi kuzidi vitano. Mkimbiaji mwenye mapigo 45 akionyesha viraba vitano na nusu, msomaji anamwambia aruke-ruke kidogo, kisha anapima tena. Nafasi hiyo ikifupika, ilikuwa kazi ya neva ya vagasi, inayoutuliza moyo uliozoea mazoezi.

Ninachokihusudu zaidi ni namna anavyolisoma wimbi T. Kwa mwanamichezo mweusi asiye na dalili, T iliyopinduka kwenye V1 hadi V4, ikitanguliwa na mstari wa ST ulioinuka kama kuba, viwango vya kimataifa vya 2017 vya kusoma ECG za wanamichezo vinaikubali kuwa ya kawaida. Ikipinduka V5 na V6, sentimita chache tu kando, msamaha hakuna: anaagiza eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), pengine MRI, kwa kuwa ugonjwa wa misuli ya moyo unaweza kujionyesha kwenye ECG kabla misuli haijanenepa. Na hasahau kuuliza kama yupo ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana.

Kuandika "kawaida kwa mtu huyu" na kutia sahihi kunataka ujasiri zaidi kuliko kuandika rufaa. ECG ya zamani humsaidia mno, kwani badiliko jipya lina uzito wake. Basi itunze yako, na uitolee kopi mapema; karatasi hizo hufifia.