Kugawa kasi ukishavuka arobaini

Mbio za Berlin hufanyika Septemba, hewa ikiwa imepoa na majani ya miti yakianza kubadilika rangi. Njia yake ni tambarare. Hapo wakongwe wawili wa ukanda wetu, kila mmoja akiwa na miaka 37, walionyesha njia mbili tofauti za kugawa nguvu. Mkimbiaji wa Mpanda, mkoani Katavi, aliyevuka arobaini ana haja ya kuzisoma zote.

Mwaka 2022 Eliud Kipchoge wa Kenya alikimbia nusu ya kwanza kwa 59:51 na ya pili kwa 61:18. Alivunja rekodi ya dunia kwa 2:01:09, ila nusu ya pili ilimgharimu sekunde 87 zaidi. Mwaka 2019 Kenenisa Bekele wa Ethiopia alianza kwa 61:05. Baada ya kilomita 30 aliachwa na Birhanu Legese, aliye mdogo kwake kwa zaidi ya miaka kumi. Kabla ya kilomita 40 akawa ameshamfikia na kumpita. Nusu ya pili aliimaliza kwa 60:36, jumla 2:01:41, sekunde 2 tu nyuma ya rekodi ya wakati huo.

Kwa saa, Kipchoge ni bora. Kwa mkimbiaji wa kawaida mwenye umri, nashauri njia ya Bekele, na hali ya hewa ya Katavi inaiongezea uzito.

Oktoba ni mwisho wa kiangazi. Miombo huchipua majani mekundu kabla ya mvua, na barabara ya kuelekea Sitalike hupendeza kweli. Lakini ukianza jua linapochomoza, nusu ya pili utaikimbia kwenye joto linalopanda, tena takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mwili nao umebadilika: mapigo ya juu kabisa ya moyo hupungua kwa takriban 7 kila miaka kumi, kiu huchelewa kuhisiwa, na misuli huchukua muda mrefu zaidi kupona. Ukitumia pumzi yote mwanzoni, huna pa kuirudishia.

Chukua nusu marathoni ya saa 2. Wastani wake ni karibu 5:41 kwa kilomita. Kimbia kilomita 7 za kwanza kwa 5:50, 7 zinazofuata kwa 5:42, na 7.1 za mwisho kwa 5:30. Utamaliza kwa 1:59:47. Kipande cha kwanza ndicho kigumu, maana miguu bado mibichi, wenzako wanakupita, na mandhari yanakuvuta uongeze mwendo. Vumilia. Joto likikuzuia kuongeza kasi mwishoni, akiba uliyoweka itakuwezesha walau kushika kasi ileile bila kuanza kutembea.

Mazoezi yafuate mpango huo. Katika mbio ndefu ya wiki, theluthi ya mwisho iwe ya kasi kuliko mbili za mwanzo, kisha pumzika au tembea siku inayofuata. Kunywa maji kidogo kidogo kabla hujasikia kiu. Na ukikimbia barabara ya Sitalike, geuza kabla ya kufika mpaka wa Hifadhi ya Katavi, kwa sababu tembo na nyati hawajali ratiba yako.

Umri unapunguza kasi ya juu kabisa. Uamuzi wa kuitumia lini hiyo iliyobaki bado ni wako, na dakika nyingi hupotea au kuokolewa hapo.